Mzazi Aliye Ndani ya Mringaringa

Mwika,
9 Oktoba 2024

Baba Mdogo Sifael,

Shikamoo. Natumaini hapo Holili hamjambo, wewe, Mama Mdogo na watoto. Sisi huku nyumbani tupo. Bibi Yuditha anasumbuliwa na goti la kushoto ila hataki kusikia habari za hospitali, anasema goti ni lake. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Kahawa tumechuma mara mbili, bado ya juu kule kwenye mfereji.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu ulisema kwenye kikao cha familia kwamba jambo lolote la kihamba liletwe kwa maandishi, maana maneno ya simu hayana muhuri. Kihamba hiki, nyumba na shamba alivyoacha Babu, ni chako, wewe ndiye kitinda mimba wake, nami tangu nimalize chuo naishi hapa kwa ruhusa yako na kwa chakula cha Bibi.

Jambo lenyewe ni ule mringaringa mkubwa nyuma ya zizi, ambao ulitangaza kanisani siku ya mavuno kwamba unautoa kwa ajili ya mabenchi ya kanisa. Naomba usikatwe kwa sasa. Jumamosi iliyopita hondohondo jike aliingia kwenye tundu la mti huo akajifungia. Dume alimletea udongo, jike akakandika mlango kutoka ndani, mpaka ukabaki ufa unaopitisha ncha ya mdomo tu. Humo atataga, atalalia, atalea, na hatatoka hadi kinda awe tayari kuruka. Chakula chote analetewa na dume kupitia ule ufa. Mti ukianguka, wote walio ndani wanakufa. Vitabu vinasema ni kama miezi minne.

Kama unavyojua, ninahesabu ndege kwa ajili ya Shirika la Marafiki wa Ndege, lenye ofisi Moshi mjini. Mlima umegawanywa miraba, kila mtu ana mraba wake, na tunatafuta ndege wanaozaliana, si wanaopita tu. Ndege akionekana anapata alama moja. Akiimba au akibeba majani ya kiota, mbili. Alama ya tatu ni ya aliyethibitika kuzaliana. Tangu Machi nimejaza fomu sitini na moja na sijaandika tatu hata mara moja. Wenzangu wanaziandika kwa kukisia. Mimi siwezi.

Naomba hadi mwisho wa Januari. Siku watakapotoka nitakuandikia mimi mwenyewe, na kuanzia siku hiyo mti ni wako kuukata. Hiyo ni ahadi, na umeipata kwa maandishi.

Mwanao,
Ndelilio

—

Kumb. Na. SM/KIHAMBA/07/2024
Holili,
21 Oktoba 2024

YAH: OMBI LA KUSITISHA UKATAJI WA MTI MMOJA (1)

Marahaba mwanangu. Barua yako ya tarehe 9 nimeipokea tarehe 19. Dereva wa ile Noah ya abiria alikuwa ameiweka kwenye kioo cha mbele kukinga jua. Huku tunamshukuru Mungu. Mama yako mdogo anasalimia. Mwambie Mama goti lipakwe mafuta ya kondoo.

Ombi lako limesomwa. Kabla ya uamuzi, toa maelezo yafuatayo.

Kwanza, ndege huyo ameingia kwenye kihamba changu kwa idhini ya nani? Pili, kwa nini amechagua mti ulioahidiwa kanisa, wakati kwa jirani kuna miti isiyoahidiwa mtu? Tatu, hilo shirika linakulipa? Uliposema unajitolea nilidhani ni unyenyekevu tu, kama mtu anavyosema "karibuni chakula kidogo" na jikoni kuna mbuzi mzima. Juzi Mama akaniambia ulichopewa tangu Machi ni fulana, na fulana yenyewe inakufika magotini. Umesoma chuo kikuu miaka minne, habari za wanyamapori. Nilitegemea siku moja utapanda huo mlima na gari lenye nembo mlangoni. Hapa mpakani wakiniuliza nasema uko kwenye utafiti. Wakikuuliza wewe, usinisahihishe.

Ujue pia ugumu ulipo. Nilitangaza mbele ya usharika mzima. Mchungaji alisimama. Kwaya ilipiga vigelegele. Mzee Eliakim, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, aliandika kwenye daftari lake jekundu, na kila mtu anajua kilichoingia kwenye lile daftari hakitoki. Nitarudije madhabahuni niseme samahani, kuna ndege?

Fundi Filemon atafika na msumeno wiki ya kwanza ya Novemba.

Baba yako mdogo,
Sifael

—

Mwika,
25 Oktoba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Tumepokea salamu. Bibi anasema mafuta ya kondoo yapakwe na aliyeyataja. Ndama anaendelea vizuri, nimempa jina la Vuli ingawa vuli yenyewe haijafika.

Maelezo uliyotaka. Hana idhini. Hakujua kuhusu ahadi. Silipwi.

Kuhusu hilo la tatu ningeweza kuandika kurasa nyingi, na nimeziandika, ila nimezichana.

Lipo jingine, na naomba uamini kwamba mimi sikulipanga. Jana fundi Filemon alikuja kupima mti. Bibi akaniuliza kwa nini nimesimama mbele ya mringaringa kama mlinzi wa benki. Nikamweleza kuhusu jike. Akaacha kumenya ndizi.

"Yuko ndani?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hatoki nje kabisa?"

"Hatoki."

"Na mumewe anamletea chakula mlangoni?"

"Ndiyo. Kila siku."

"Basi huyo ni mzazi," akasema Bibi, akasimama bila kulishika goti. "Filemon! Toa kamba yako hapo. Tangu lini mtu anapiga shoka nyumba yenye mzazi?"

Filemon akasema, "Lakini Bibi, huyu ni ndege."

"Na wewe mama yako alipokuzaa, alikaa wapi miezi mitatu? Sokoni?"

Nilijaribu kumweleza Bibi kwamba si uzazi wa namna ile, kwamba jike hajifungii kwa mila bali kwa sababu ya nyoka na nyani. Akaniuliza, "Wewe umeshazaa?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi nyamaza, waliozaa waongee."

Filemon ameondoka na kamba yake. Bibi ananiagiza nikuandikie pia kwamba mzazi akiwa kwenye kihamba chako, anayemhudumia ni wewe, na kwamba unajua kinachochinjwa. Mimi sijatia neno hapo.

Mwanao,
Ndelilio

—

Kumb. Na. SM/KIHAMBA/08/2024
Holili,
11 Novemba 2024

YAH: UAMUZI

Marahaba. Huku wazima. Foleni ya malori ni kubwa na mtandao wa forodha umelala siku tatu.

Mama amenipigia simu. Hakuongea sana. Ukataji umeahirishwa hadi tarehe 31 Januari.

Mbuzi sitoi. Andika hilo mahali Mama atakapoliona.

Mzee Eliakim nimempelekea barua. Ameniuliza kama hao ndege ni Walutheri. Nimemjibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Sikusomea forodha ili niishie kujibu maswali kama hayo.

Kwa kuwa nimebeba lawama, nataka ripoti kila mwezi. Ripoti ya kweli, siyo ya kunifurahisha.

Sifael

—

Mwika,
30 Novemba 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Vuli imeanza, mfereji umejaa, Bibi anaendelea vizuri kuliko ninavyoendelea mimi. Hii ndiyo ripoti.

Habari za mzazi zilifika kanisani kabla ya mimi kufika. Jumapili ya tarehe 17, baada ya ibada, kina mama ishirini na watatu walikuja kumwona. Walileta mtori wa ndizi, maziwa, na kanga mbili. Niliwasimamisha kwenye migomba nikawaomba wasisogee, na wasiimbe. Mama Elisifa akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, mzazi huimbiwa. Sasa tumwimbie kwa kunong'ona?"

"Ndege anaogopa, Mama."

"Akisikia ni wanawake hataogopa."

Waliimba beti zote. Dume alikuwa ametua kwenye mti wa mfuruanje kwa jirani, koo limejaa matunda ya mkuyu, akasubiri kwa muda wa saa tatu na dakika arobaini. Mtori tuliunywa sisi. Kanga moja walitaka kuifunga kwenye shina, nikaikalia.

Hapo nikafanya kosa. Niliandika kwenye fomu, kwa uaminifu, kwamba kiota kimesumbuliwa na watu, na nikaomba msaada wa ofisi. Tarehe 27 akaja bwana Godlove, mratibu wetu, na magari mawili. Nilifurahi kwa dakika kama tano. Walishuka wageni, mpiga picha, na bango. Nilimwambia kwamba mwongozo wetu, ukurasa wa nne, unasema mtu akae hatua hamsini kutoka kwenye kiota. Akasema, "Dada Ndelilio, mwongozo ni wa wahesabuji. Hawa ni wadau."

Wakapigilia bango kwenye mringaringa kwa misumari mitano ya inchi sita. Bango linasema: KIOTA HIKI KINALINDWA. Halafu wakarusha droni hadi kwenye ufa ili wadau waone macho ya jike. Inalia kama nyuki elfu. Bwana Godlove akanipongeza, akanipa kofia.

Dume hakurudi siku hiyo. Tarehe 28 hakuja kabisa. Nilikaa kwenye migomba nikimsikia jike akigonga udongo kwa ndani, anagonga, ananyamaza, anagonga. Sikujua kama anataka kutoka au anaita. Vitabu havisemi. Nilitaka kupanda nimpelekee matunda, nikajua kwamba mimi nami nitakuwa mtu mwingine tu wa kumtisha. Dume alirudi tarehe 29 saa mbili asubuhi.

Nimefikiri sana, Baba Mdogo. Tangu Oktoba, watu wawili tu hawajamsumbua huyu ndege: wewe na Filemon, mnaotaka kuukata mti.

Ndelilio

—

Kumb. Na. SM/KIHAMBA/09/2024
Holili,
5 Desemba 2024

YAH: ULINZI WA MZIGO

Ndelilio,

Salamu baadaye.

Nimefanya kazi ya forodha miaka ishirini na miwili. Lori likishafungwa na kutiwa lakiri ya forodha hapa mpakani, halifunguliwi njiani. Akija ofisa, akija mbunge, akija mwenye mali mwenyewe analia anataka kuchungulia tu, halifunguliwi. Linafunguliwa lilikoandikiwa kwenda. Huyo ndege amejifunga lakiri mwenyewe, kwa udongo, bila kusaidiwa na ofisi yoyote. Halafu ninyi mliosoma mnampelekea nyuki elfu!

Fanya haya leo. Bango ling'olewe, misumari irudishwe kwa mwenyewe kwa maandishi. Bunda la utepe mwekundu na mweupe nimempa dereva wa Noah, nimeandika juu yake SI KIVULI. Lizungushe hatua hamsini kila upande. Kina mama waambiwe mzazi amelala. Bwana Godlove akitaka kuingia, aje na barua yangu, na mimi barua hiyo sitaiandika.

Usidhani nimekubaliana na ndege. Ni utaratibu.

Tunakuja Krismasi, tunafika tarehe 23. Mwambie Mama.

Sifael

—

Mwika,
6 Januari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Natumaini mlirudi salama. Tangu muondoke nyumba imekuwa kubwa mno. Bibi bado anakuta vikombe kwenye migomba.

Ripoti ya Desemba. Utepe umefanya kazi kuliko mwongozo wetu wote. Binamu zetu kutoka Dar walipotaka kupiga picha chini ya mti na spika yao, wewe ulisimama ukawaomba waonyeshe kibali. Wakacheka, wakaona hucheki, wakaondoka. Dume amekuja kila siku, mara kumi na mbili hadi kumi na tisa kwa siku. Tangu tarehe 15 kuna sauti ya pili ndani. Kinda yupo. Nimeandika alama ya tatu. Niliiandika kwa kalamu ya risasi kwanza, nikaiangalia, ndipo nikaipitisha kwa wino.

Kuna jambo ambalo sikulitia kwenye fomu kwa sababu fomu haina sehemu yake. Tarehe 27 Desemba, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa kwenye migomba kama kawaida. Ulikuja peke yako ukapindua ndoo ya maziwa, ukaikalia nje ya utepe. Dume alipotua, ulivua kofia. Aliyatoa matunda kooni moja moja, akampa jike kupitia ufa, na wewe ulikuwa unahesabu kwa vidole. Vidole vilipokwisha ulianza upya. Ulikaa dakika hamsini na tano.

Naandika pia, kama taarifa wala si ombi, kwamba hondohondo hurudi kwenye tundu lile lile mwaka hadi mwaka, likiwapo. Niliomba hadi mwisho wa Januari, nikapewa. Siwezi kuomba mara mbili.

Siku hizi watu wakiniuliza nafanya nini hapa nyumbani siwajibu tena "utafiti". Nawaambia nasubiri mtu atoke. Wanafikiri ni mambo ya mahabusu.

Mwanao,
Ndelilio

—

Kumb. Na. SM/KIHAMBA/01/2025
Holili,
20 Januari 2025

YAH: KUKARIBIA MWISHO WA MUDA

Marahaba. Tulifika salama. Mtoto wetu wa pili ana mafua.

Tarehe 27 Desemba nilikuwa natafuta mtandao.

Mzee Eliakim ananipigia simu kila siku saa moja kamili jioni, kabla ya taarifa ya habari. Mti ukikatwa baada ya Februari mbao hazitakauka kabla ya Pasaka ya mwaka ujao, ndivyo anavyosema. Filemon amepangiwa Jumanne tarehe 11 Februari. Nimeahidi mara mbili sasa, mara ya pili mbele ya mchungaji.

Ifikapo tarehe 31, nijibu neno moja. Wametoka au hawajatoka?

Sifael

—

Mwika,
4 Februari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini mafua ya mtoto yamepona. Goti la Bibi limehamia kulia. Vuli ameanza kula majani mwenyewe, anapenda ya mgomba kuliko ya mahindi. Jirani yetu amebadilisha bati upande wa jikoni. Mfereji ulipasuka kule juu, tukakaa siku mbili bila maji, wakaziba. Migomba mitatu ilianguka kwa upepo, mmoja ulikuwa wa mchare, ndizi zake tumezipika. Mama Elisifa anakusalimu. Kanga ile nimemrudishia. Bei ya parachichi sijui kwa sasa.

Utepe bado upo.

Kuhusu ulichouliza, nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Ndelilio

—

Holili,
6 Februari 2025

Ndelilio mwanangu,

Barua hii haina namba. Ukiisoma usiitunze.

Yako ya tarehe 4 imefika mapema ajabu. Ina goti, ndama, bati, mfereji, migomba na bei ya parachichi ambayo sikuuliza. Ndege hata mmoja hayumo. Nimesoma matamko ya mizigo miaka ishirini na miwili, mwanangu, na shehena huwa naiona kwa kile mtu alichoruka kukiandika. Wametoka. Na wewe hutaki kuniandikia kwa sababu ukiniandikia nitakata mti.

Sikugombezi. Nilitaka tu ujue kwamba nimejua.

Leo saa moja kamili Mzee Eliakim alipopiga simu nilimwambia bado wako ndani. Nikaongeza kwamba wewe, mtaalamu, umenithibitishia kwamba watakaa mpaka Mei. Hiyo Mei ilinitoka tu. Anasema Jumapili atatangaza kanisani ili watu wasiendelee kuuliza.

Kwa hiyo Jumapili wewe kaa kimya. Usiseme uongo, najua huwezi. Kaa tu. Angalia kitabu cha nyimbo.

Sifael

—

Mwika,
12 Februari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia na tarehe. Barua yako ya tarehe 6 nimeipata Jumatatu, tarehe 10. Ibada ilikuwa Jumapili, tarehe 9. Safari hii dereva alisema alikuwa amekwenda msibani nayo mfukoni.

Nitaeleza ilivyokuwa. Wakati wa matangazo Mzee Eliakim alifungua daftari lake akasoma: "Ndugu yetu Sifael anatujulisha kwamba yule ndege bado yuko ndani, na atakuwamo hadi Mei. Amethibitishiwa na mtaalamu." Watu wakageuka wakanitazama.

Nilidhani nimekuponza. Nilidhani kwa sababu sikukujibu, umeamua mwenyewe kwamba bado wapo, na sasa unasema uongo mbele ya Mungu bila kujua, kwa ajili ya uoga wangu. Siku tisa nilikuwa na tarehe moja kichwani, iliyokuwa kwenye fomu na haikuwa kwenye barua niliyokuandikia. Nikasimama. Nilikuwa nakulinda, Baba Mdogo.

Nikasema, "Samahani, Mzee. Baba Mdogo hana taarifa. Wametoka Ijumaa tarehe 31 Januari, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mawingu robo tatu ya anga, hakuna upepo. Ni mimi sikumwandikia."

Mzee Eliakim akavua miwani.

"Binti, alisema umemthibitishia."

"Sikumthibitishia, Mzee."

"Alisema Mei."

"Mei sijawahi kuitaja."

Nilipoona uso wake ndipo nikaanza kuelewa, na tayari nilikuwa nimeshakusahihisha mbele ya usharika mzima. Mchungaji akasema tuimbe. Bibi aliniambia tukiwa njiani, "Umesema kweli vizuri sana. Siku nyingine uulize kwanza."

Jana, Jumanne, wakaja. Filemon na msumeno, Mzee Eliakim na daftari, na wazee wengine wanne kuhakikisha hakuna tena mtu wa kuwachelewesha. Mimi niliufungua utepe mwenyewe. Niliahidi kwa maandishi kwamba wakitoka mti ni wako kuukata, na sikuwa na la kusema zaidi. Nilikwenda kusimama kwenye migomba, mahali pangu.

Filemon hakuwasha msumeno. Alipiga shina kwa kisigino cha shoka, chini, akasikiliza. Akapiga usawa wa kifua. Akapanda ngazi akapiga karibu na tundu. Akashuka anacheka mpaka akakaa chini.

"Unacheka nini?" Mzee Eliakim akamuuliza.

"Mzee, yule mama alikuwa anaishi wapi?"

"Kwenye mti."

"Kwenye mti, juu ya tawi?"

"Ndani ya mti, bwana, kila mtu anajua!"

"Na mtoto?"

"Naye ndani."

"Sasa familia nzima ikikaa ndani ya mti, mbao zangu zinakaa wapi?"

Filemon akachukua ufito wa futi tisa akauingiza kwenye tundu ukazama wote, mkono ukafuata. Mringaringa ni bomba tupu, Baba Mdogo, kuanzia kwenye panda hadi karibu na usawa wa goti. Hautoi benchi hata moja. Filemon anasema labda mzinga wa nyuki. Hakutaka kuharibu petroli. Mzee Eliakim alitazama daftari lake, akauliza kama kuna mtu ana ufutio.

Miezi minne! Mimi nina shahada. Kwenye fomu kuna mstari unaosema "kina cha tundu", na kila wiki niliandika "hakijulikani", nikaona nimekuwa mwaminifu sana. Bwana Godlove na wadau walichungulia ndani kwa droni. Wewe unakagua mizigo. Tumegombania mbao za mti ambao sababu yenyewe ya kugombania ni kwamba una shimo.

Mti umesimama. Utepe nimeukunja. Ila wewe umelidanganya kanisa kwa ajili yangu, nami nimekuumbua kwa ajili yako, na wote wawili bure. Naomba unisamehe. Naomba pia uniambie kitu kimoja, kwa sababu nimefikiri siku tatu na sijapata jibu. Wewe hujawahi kuandika uongo hata kwenye fomu ya msafiri. Kwa nini ulimwambia bado wapo?

Mwanao,
Ndelilio

—

Kumb. Na. SM/KIHAMBA/02/2025
Holili,
19 Februari 2025

YAH: KUFUNGA JALADA, NA MAPUNGUFU

Marahaba. Huku wazima, mtoto amepona. Msalimie Mama.

Usharika nimeuandikia barua ya kuomba radhi, nakala kwa mchungaji na kwa Mzee Eliakim. Nimekiri uongo mmoja, ule wa Mei, kwa kuwa ndio pekee ulioingia kwenye daftari. Mabenchi nitayatafutia mti mwingine. Safari hii nitagonga kwanza kabla sijatangaza.

Uliniomba msamaha. Hakuna kosa lililoandikishwa.

Kuhusu swali lako, ukurasa huo haujanifikia.

Sasa mapungufu. Nimesoma taarifa yako ya kutoka kwa ndege mara nne, na haijakamilika. Umeandika siku, saa, dakika, mawingu na upepo. Hukuandika walitokaje. Mtu akikaa gizani siku mia na kumi na nane, bila nafasi hata ya kunyoosha bawa, sidhani kama anatoka anaruka tu kama jana. Hukusema kama yule mama alianguka kwanza. Hukusema kama dume alikuwepo. Hukusema walielekea upande gani.

Kamilisha. Nasubiri.

Sifael